Ukurasa wa Nyumbani: Uyoga Uliojazwa Kamba

Mwezi huu hatutasema habari za mirathi wala za malezi, bali tutaingia jikoni. Huenda wako watakaostaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mwenye mvi kidevuni, akipima siagi kwa kijiko. Lakini barua ndiyo iliyotutia humo, na barua ya msomaji ni amana, haifai kuiacha bila ya jawabu.

Barua yenyewe imetoka kwa binti mmoja ambaye hatutamtaja jina wala mji wake. Ameposwa, na watu wa upande wa mume watafika kwao kwa chakula cha usiku mwezi ujao, insha Allah. Kwa kuwa wageni hao wamekaa sana nchi za nje, naye ataka waone kuwa mikono yake yajua zaidi ya sambusa na bajia (nasi twasema hapa hapa kwamba sambusa nzuri haina haja ya kuonewa haya), alinakili katika kitabu cha mapishi ya Kimarekani chakula kimoja cha kutangulizwa kabla ya mlo. Ni vichwa vya uyoga vilivyotolewa vikonyo, vikajazwa nyama ya kaa iliyochanganywa na jibini, chenga za mkate na mvinyo mweupe, kisha vikaokwa katika joko hata juu vikawa na rangi ya dhahabu. Alipouleta uyoga nyumbani, bibi yake mzaa mama aliuona kapuni, akautwaa na kuutupa jaani, akaapa kwamba maadamu yeye yu hai kitu hicho hakitapikwa nyumbani mwake. Binti akalia, bibi akanuna, na hata siku ya kuandikwa barua walikuwa wakisemeshana kwa kupitia watoto.

Atuuliza mambo matatu: Je, uyoga ni halali? Je, kaa na mvinyo vyaweza kubadilishwa na nini? Na je, afanyeje na bibi yake? Swali hili la tatu ndilo lililotushughulisha zaidi, na kwalo tutaanza, kwani katika barua yake mna mstari mmoja ambao binti ameuandika kwa kupita tu, nasi tumeusoma mara nyingi. Asema kwamba bibi alipokuwa mtoto alikuwa na ndugu yake mdogo wa kiume aliyekula uyoga uliochumwa chini ya mti baada ya mvua, akafa siku ya tatu.

Ewe binti yetu, bibi yako hakuutupa uyoga wako kwa ujinga wala kwa chuki ya mambo mapya. Aliutupa kwa sababu aliwahi kukaa kando ya kitanda. Na alilolijua mtoto yule wa zamani kwa macho yake ndilo wanalolisema matabibu leo. Uko uyoga ambao sumu yake haiondolewi kwa kuchemshwa, wala kwa kukaangwa, wala kwa kuanikwa. Mtu huula akauona mtamu. Hupita saa 6 hata 12, pengine na zaidi, hana dalili yoyote. Kisha humjia tumbo la kuendesha na kutapika. Kisha hupata nafuu ya siku moja, watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu, kumbe wakati huo huo ini lake lateketea. Nafuu ile ya uongo ndiyo inayowafanya wengi wasifike hospitali mapema. Ama zile alama zisemwazo na watu, kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba ukitiwa sarafu ya fedha sufuriani na isiposawijika basi hauna sumu, au kwamba ukimenyeka ngozi ni mzuri, zote hizo si alama za kutegemewa hata kidogo. Konokono hula uyoga unaomwua mwanadamu, naye akaenda zake.

Ndugu zetu wa bara wenye misitu wanao uyoga wao waujuao tangu mababu, khasa ule uotao katika vichuguu vya mchwa, na wakati wa masika huuza njiani kwa mafungu. Elimu hiyo ni elimu ya kweli, lakini ni ya mahali pake na ya watu wake. Mtoto wa pwani aliyepata likizo asichume uyoga shambani kwa kuufananisha na alioona katika picha. Na ikiwa mtu amekwisha kula uyoga wa kuokota kisha tumbo likamuuma, basi aende hospitali wakati ule ule, na kama umebaki uchukuliwe ukaonyeshwe daktari.

Uyoga tunaousema katika ukurasa huu ni ule mmoja tu unaopandwa na wakulima na kuuzwa dukani katika vikasha, mweupe au wa rangi ya hudhurungi, wenye kichwa cha mviringo mfano wa kifungo kikubwa. Nchini Kenya hulimwa sana katika baridi ya milima ya kati, kisha huletwa pwani katika barafu. Huo hauna shaka.

Sasa twaja kwenye uhalali. Kanuni waliyoiweka wanazuoni ni kwamba asili ya vitu ni kuruhusiwa, mpaka ipatikane dalili ya kukataza au ithibiti kuwa kitu kina madhara. Uyoga wa sumu umekatazwa kwa sababu ya sumu yake, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo. Na usio na sumu umebaki katika uhalali wake. Zaidi ya hayo, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd, Mwenyezi Mungu amwie radhi, hadithi ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, amekitaja kitu kiitwacho kwa Kiarabu al-kam'a, akakihesabu kuwa katika jinsi ya manna, na akasema kwamba maji yake yana dawa ya macho. Kitu hicho ni jamaa ya uyoga, ila chenyewe hukaa chini ya mchanga, huchimbuliwa jangwani baada ya mvua za baridi, na ndugu zetu walioko Ghuba hukikuta sokoni kikiuzwa kwa bei ya kuumiza. Tafadhali asije mtu akasoma hapa kisha akakamua uyoga wa dukani machoni mwake. Kam'a ni kam'a, na macho ni macho.

Tumewahi pia kuulizwa na mzee mmoja kwamba, kwa kuwa uyoga huu wa kupandwa hulelewa juu ya samadi ya farasi au mbolea ya kuku iliyochanganywa na majani makavu, je, si najisi? Jawabu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kwamba mmea uliokua kwa samadi si najisi kwa dhati yake. Ila pale penye kuguswa na najisi huoshwa kwa maji, pakatoharika. Kwa ajili hii hatuafikiani na vitabu vya mapishi visemavyo kwamba uyoga usioshwe, ufutwe kwa kitambaa tu, ati utakunywa maji. Waliopima kwa mizani wamekuta kwamba hunywa maji machache mno. Kata ncha ya kikonyo yenye udongo, pitisha uyoga upesi chini ya maji yanayotiririka, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Usiuroweke tu.

Na bibi? Lau angekuwa amesema uyoga ni haramu, tungemwambia kwa adabu kwamba hapana. Lakini hakusema hivyo, alisema hautaki. Na katika hilo anayo sunna ya kumkinga. Imepokewa na Bukhari na Muslim pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya dhabb, naye ni mnyama wa jangwani mfano wa kenge, akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba si haramu, bali hapatikani katika nchi ya watu wake, nayo nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta, akamla, na Mtume anatazama. Tazameni, ndugu wasomaji, namna watu wawili walivyokaa katika sinia moja, mmoja akila na mwingine akiacha, wala hapana aliyemtukana mwenziwe, wala chakula hakikutupwa jaani.

Kwa hiyo, binti yetu, usiende kwa bibi na ukurasa huu mkononi kama wakili aendaye na hati mahakamani. Nenda baada ya Alasiri, wakati akiwa amekwisha kunywa kahawa yake, ukamkande miguu, ukamwombe akuhadithie habari za ndugu yake: aliitwa nani, alipenda kucheza nini. Huenda katika miaka hii yote hapana mtu aliyemwuliza. Akisha kusema, ndipo umwonyeshe kikasha cha dukani na kumweleza kwamba huu hauokotwi. Akiridhia, na tukapike. Asiporidhia, basi hapo kwake usiupike, kwani radhi yake ni kubwa kuliko sinia la wageni. Twaa nyanya ngumu au pilipili hoho ndogo, ukate sehemu ya juu, utoe mbegu, ujaze kijazo kile kile tutakachokieleza. Ukweli ni kwamba katika chakula hiki utamu wote umo katika kijazo.

Tuje kwenye kaa. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia katika Suratul Maida, aya ya 96, kuvua baharini na chakula chake, na watu wa pwani tumekula katika aya hiyo tangu enzi na enzi. Lakini kaa ana mambo yake. Imamu Nawawi katika Minhaj amemhesabu pamoja na chura na nyoka katika viumbe waishio nchi kavu na majini, na hao akawataja kuwa ni haramu. Mahali pengine maneno yake ni mapana zaidi, na Wamaliki wamemruhusu. Sisi hatutafungua mlango wa mabishano jikoni. Twasema tu kwamba mwenye kuwaalika watu, tena wakwe, atoke katika khitilafu kadiri awezavyo, na kamba yupo. Kamba haishi nchi kavu. Kwa Mashafi hana neno.

Kwa Mahanafi, walakini, jambo ni tofauti, na majirani zetu kadhaa wenye asili ya Bara Hindi ni Mahanafi. Kwao kinachohalalika baharini ni samaki tu, nao wamekhitilafiana juu ya kamba: wako waliomhesabu kuwa ni samaki wakamla, na wako waliomwacha. Basi ikiwa hujui madhehebu ya mgeni wako, uliza kabla ya siku yenyewe, wala usione haya. Vichwa vichache vitiwe samaki. Changu au nguru aliyechemshwa na kutolewa miba atafaa kabisa.

Mvinyo hauna maelezo marefu. Wapo wasemao kwamba ukipikwa huruka wote ukabaki utamu. Kwanza, kwetu sisi pombe ni najisi, na kuitia tu katika chakula kumekwisha kukiharibu, hata kama ingeruka yote. Pili, si kweli kwamba huruka yote: wataalamu wa Marekani waliopima walikuta kwamba chakula kilichotiwa pombe na kupikwa kwa dakika 15 kimebaki na kiasi cha asilimia 40 ya pombe ile, na baada ya saa 2 na nusu imebaki asilimia 5. Kazi ya mvinyo katika mapishi hayo ni kuleta uchachu na harufu. Uchachu tunao katika ndimu, na harufu tutaipata katika maganda ya kamba, kama tutakavyoona. Jibini nayo yataka kutazamwa, kwani nyingine hugandishwa kwa kitu kitolewacho tumboni mwa ndama ambaye hatujui amechinjwaje. Ikiwa imeandikwa kuwa ni ya halali, itie. Sisi tumeiacha, tukatia tui zito, wala hatukujuta.

Lakini kabla ya kuwasha moto, liko jambo la kutuaibisha ambalo yatupasa tulieleze, kwani ndilo lililotufanya tuichukue barua hii kwa uzito.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, tuliwafuturisha wanafunzi wetu wa chuo. Nyumbani zilikuwa zikikaangwa katlesi; samaki hakutosha, wakaongezwa kamba waliopondwa. Mtoto mmoja wa miaka minane alitujia na katlesi yake mkononi, akauliza, "Maalim, hizi ni za nini?" Nasi, kwa haraka ya kutaka kuwahi sala ya Magharibi, tukamjibu, "Za samaki, wewe kula tu." Hatukukusudia uongo, tulisema nusu ya kweli, tukaona yatosha. Tulipotoa salamu ya mwisho katika sala, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, macho yamefumba, na pumzi yake yatoka kwa mluzi. Jirani akatoa gari. Hospitali wakamdunga sindano, na kwa rehema ya Mola akafunguka kifua. Mama yake alifika usiku ule. Hakutulaumu kwa neno kali. Alisema tu kwamba mwanawe alikuwa amefundishwa kuuliza kabla ya kula, naye aliuliza.

Maneno hayo yatuuma hata leo. Iko miili ambayo kamba, kaa na jamaa zao ni sumu kwake, hata kipande kimoja, hata kimepikwa namna gani. Na mtu wa namna hiyo hana alama usoni. Yeye hana kinga ila ulimi wa mwenyeji. Na chakula hiki cha uyoga chaficha kuliko katlesi, kwa kuwa kijazo kimefunikwa kwa chenga za mkate, na mgeni haoni kilichomo ndani. Kwa hiyo anayelileta sinia na aseme kwa sauti, kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa: "Humu mna kamba." Tena na aseme upande wa wanaume na upande wa wanawake.

Sasa na tupike. Tulijaribu nyumbani mara mbili, na mara ya kwanza tulishindwa. Tulijaza uyoga ukiwa mbichi, kama kilivyosema kitabu, tukautia katika joko, na ulipotoka ulikuwa ukielea katika maji meusi. Mama watoto wetu alitazama sinia, akasema, "Maalim, hii ni supu." Sababu yake ni kwamba uyoga, ijapokuwa waonekana mkavu mkononi, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za uzito wake ni maji, na moto ndio unaoyatoa. Mara ya pili yeye ndiye aliyeshika kijiko, nasi tukashika kalamu.

Kwa watu 8 alitwaa vichwa 24 vya uyoga, vya upana wa vidole vitatu hivi, uzito wake kama nusu kilo au kuzidi kidogo. Kamba wabichi wenye vichwa na maganda walikuwa nusu kilo, na wakishamenywa hubaki kama robo. Kamba wa kununuliwa ni yule ambaye kichwa chake kimeshika vizuri mwilini, hakijapiga weusi, na harufu yake ni ya bahari. Akinuka harufu kali ya kupanda puani, mrudishie mwenyewe hata kama ni mjomba wako. Huku kwetu wazuri hutoka Ghuba ya Ungwana na mlango wa mto Sabaki, na ndugu zetu wa Tanzania wanao wa mlango wa Rufiji. Alipowamenya, aliwapasua mgongoni akautoa ule uzi mweusi, akawakatakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Hakuwasaga, kwani kamba aliyesagwa huwa kama unga wa ugali mdomoni.

Vichwa na maganda havikutupwa. Alivikaanga kwa siagi kidogo mpaka vikawa vyekundu, akatia kikombe cha maji, akaacha vichemke hata yakabaki maji ya vijiko vinne, akayachuja. Maji hayo ndiyo yaliyokaa mahali pa mvinyo, na twaapa kwamba mvinyo ungeona haya.

Kisha alivitoa vikonyo vya uyoga kwa kuvizungusha taratibu, vichwa visipasuke, akavikatakata vikonyo hivyo vidogo vidogo. Vichwa vikapakwa siagi, vikanyunyizwa chumvi kidogo, vikapangwa katika sinia mdomo chini, vikatiwa katika joko la nyuzi 190 kwa dakika 10. Hapo ndipo maji yalipotoka. Aliyamwaga yote, akavifuta vichwa kwa kitambaa, akavigeuza mdomo juu. Hii ndiyo siri nzima ya chakula hiki, nasi twashangaa kwa nini kitabu hakikuisema.

Wakati vichwa vikiwa jokoni aliweka kikaango motoni na vijiko viwili vya siagi, akakaanga kitunguu maji kimoja kidogo, punje tatu za thomu, kipande cha tangawizi cha ncha ya kidole na pilipili mbichi moja isiyo na mbegu. Vilipolainika akatia vile vikonyo, akakoroga mpaka maji yao yakakauka na kikaango kikaanza kulia. Akatia maji ya maganda na vijiko vitatu vya tui zito, yakakauka tena mpaka yakawa rojo. Ndipo akatia kamba, akawageuza kwa muda wa dakika moja tu, mpaka wakaanza kugeuka rangi, akaepua. Kamba hakawii kuiva. Akipikwa hapa akaiva kabisa, kisha akaingia tena jokoni, atakuwa mpira. Mwisho akaongeza ndimu nusu, kotmiri iliyokatwa, pilipili manga, chumvi, na nusu kikombe cha chenga za mkate mkavu wa jana. Mchanganyiko ukawa wa kushikana ukiubana kwa vidole. Ukiwa mwepesi, ongeza chenga. Ukiwa mkavu, kijiko cha tui.

Akajaza kila kichwa mpaka kikafanya kilima, akanyunyiza juu chenga nyingine zilizochanganywa na siagi, akarudisha jokoni kwa dakika 15, hata juu pakawa pekundu na vyakula vikatoa sauti. Vikaliwa vya moto. Mwanetu mdogo, ambaye hula samaki kwa kubembelezwa, alikula vitano, kisha ndipo alipouliza uyoga ni kitu gani.

Asiye na joko asikate tamaa. Bibi zetu wakioka mkate wa kumimina bila ya joko, kwa kupalia moto, na uyoga waweza kupaliwa vivyo hivyo. Twaa sufuria pana yenye kitako kizito, ipake siagi, panga vichwa vikiwa vimekwisha kutolewa maji kikaangoni, funika kwa kifuniko cha bati, weka makaa machache chini na mengi juu. Moto wa juu ndio unaotia rangi. Wa chini ukizidi utaunguza. Dakika 20 zatosha, na usifunue kila mara. Tena huenda kwa njia hii bibi akavutika kusogea, kwani kupalia ni fani yake, naye hatastahimili kukuona ukiweka makaa vibaya.

Uyoga si rahisi kwa bei, na sisi walimu wa chuo hatuununui kila juma. Ni chakula cha siku moja, vitatu kwa kila mgeni, wala usiongeze kwa kutaka kuonekana. Biriani yaja nyuma. Wageni wakifika baada ya Magharibi, jaza vichwa baada ya Alasiri, viweke katika friji vikiwa vimefunikwa, na uviingize jokoni wakati wageni wanapovua viatu. Kama huna friji, usivijaze mapema. Kamba wa nusu kuiva haachwi juu ya meza katika joto letu hili. Vilivyobaki vikiwa vimekaa nje usiku kucha visiliwe asubuhi, hata moyo ukiuma.

Na vile vichwa utakavyotia samaki kwa ajili ya asiyekula kamba, viokwe katika sinia lake mbali, na kijazo chake kichanganywe kwanza, kabla kijiko hakijagusa kamba, tena bila ya yale maji ya maganda. Kila kimoja kikitoka motoni kichomeke jani la kotmiri juu, ili kitambulike. Vya kamba viache bila ya jani. Ukimpeleka mdogo wako na sinia upande wa wanaume, mrudishe mlangoni kwanza, akuambie kwa mdomo wake jani ni la nini.